Nyota za kaboni na za oksijeni katika galaksi kibete NGC 6822: je, rangi ya infraredi pekee inatosha kuzitenganisha?

Mshale_wa_Kusini aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Ninaandaa mradi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya fizikia, na mada niliyoichagua ni majitu mekundu yaliyozeeka ndani ya NGC 6822, galaksi kibete isiyo na umbo maalumu ambayo E. E. Barnard aliigundua mwaka 1884. Iko umbali wa takriban miakanuru milioni 1.6, yaani ni karibu kiasi cha nyota zake kupigwa picha moja moja, na gesi yake ina metali chache (kwa wanaastronomia, elementi zote nzito kuliko heliamu), takriban theluthi moja ya zile za Jua au pungufu. Ninavutiwa sana na hali hiyo ya uchache wa metali, kwa sababu galaksi za zama za mwanzo za ulimwengu zilikuwa na metali chache vilevile, na hatuwezi kuziona nyota zao moja moja.

Mpango wangu ni huu. Nitachukua vipimo vya ung'avu katika vichujio vya infraredi vya J na K, yaani mikromita 1.25 na 2.2 hivi, nichore mchoro wa rangi na magnitudi (kipimo cha ung'avu ambacho namba kubwa humaanisha nyota hafifu zaidi), kisha niondoe kila nyota iliyo hafifu kuliko ncha ya tawi la majitu mekundu (kikomo cha ung'avu cha majitu ambayo bado hayajaanza kuchoma heliamu), ambayo katika galaksi hii iko karibu na magnitudi 17.4 katika K. Zitakazobaki juu ya ncha hiyo nitazigawa kwa mstari mmoja wa rangi ya J−K, yaani magnitudi ya J ukitoa ya K: za upande mwekundu zaidi nitazihesabu kuwa nyota za kaboni (zenye kaboni nyingi kuliko oksijeni usoni), na za upande wa pili nyota za oksijeni (zenye oksijeni nyingi zaidi). Uwiano wa makundi hayo mawili utanipa makisio ya wingi wa metali.

Msimamizi wangu amenirudishia andiko kwa maswali mawili. La kwanza, kwa nini ning'ang'anie infraredi ilhali nyota za kaboni za galaksi hii zilishahesabiwa kwa mwanga wa kawaida? La pili, nitajuaje kwamba nyota iliyo upande mwekundu wa mstari ni ya kaboni kweli? Ningependa pia kuelekezwa kwenye data iliyo wazi kwa umma, kwa kuwa sina darubini ya kutumia.

Mwl_Tanga alijibu:

Kijana wangu, swali la kwanza la msimamizi wako lina majibu matatu, na yote yanastahili kuingia katika sura ya kwanza ya andiko lako.

Jibu la kwanza ni nyota yenyewe. Nyota yenye masi kati ya takriban 0.8 na 8 za Jua, ikishamaliza heliamu katika kitovu chake, hubaki na kiini cha kaboni na oksijeni kilichozungukwa na tabaka mbili zinazowaka kwa kupokezana, moja ya heliamu na nyingine ya hidrojeni. Wakati huo nyota imevimba mno, uso wake umepoa hadi karibu kelvini 3,000, na nguvu yake ya kung'aa imefikia maelfu ya mara ile ya Jua. Mwili wenye joto hilo hutoa mwanga wake mwingi zaidi karibu na mikromita 1, nje ya uwezo wa jicho, na hata ule mwekundu unaobaki hunyonywa kwa kiasi kikubwa na molekuli zilizo kwenye angahewa ya nyota, hasa oksidi ya titani kwa nyota zenye oksijeni nyingi. Anayezitazama nyota hizi kwa mwanga wa kawaida anapokea mabaki, na katika kichujio cha K anapokea sehemu kubwa ya mwanga wenyewe.

Jibu la pili ni vumbi, na hapa ningekuomba ukae muda mrefu zaidi. Majitu haya hudunda, kila mdundo huinua gesi kutoka usoni, gesi hiyo hupoa, na chembe za vumbi huganda ndani yake: silikati kwa nyota za oksijeni, kaboni isiyo na umbo la fuwele pamoja na kabidi ya silikoni kwa nyota za kaboni. Mwanga wa nyota huzisukuma chembe hizo nje, nazo huiburuta gesi pamoja nazo. Vumbi hilo hunyonya mwanga unaoonekana na kuurudisha katika infraredi. Likiwa na joto la kelvini 600, kilele cha mnururisho wake huwa karibu na mikromita 5. Nyota iliyofunikwa kiasi hicho inaweza kukosekana kabisa katika picha ya mwanga wa kawaida huku ikiwa miongoni mwa nyota zinazong'aa zaidi katika picha ya mikromita 4.5. Uchunguzi wa Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo jirani zetu, kwa darubini ya anga ya Spitzer umeonyesha kwamba nyota za namna hiyo ni asilimia chache tu ya majitu yote yaliyofikia hatua hii, na bado ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya vumbi lote linalotoka kwenye kundi lao. Kwa maneno mengine, hesabu ya mwanga wa kawaida inaweza kuwa nzuri kwa idadi na ikawakosa wazalishaji wenyewe wa vumbi.

Jibu la tatu ni mahali galaksi ilipo. NGC 6822 imo katika kundinyota la Mshale, digrii 18 tu kutoka kwenye ubapa wa Njia Nyeupe, hivyo tunaitazama kupitia vumbi la galaksi yetu wenyewe. Katika K upungufu wa mwanga unaosababishwa na vumbi hilo ni takriban sehemu moja ya tisa ya ule wa kichujio cha V, cha mwanga unaoonekana.

Ongeza pia sababu inayotufanya tutoke nje ya Njia Nyeupe. Hapa kwetu umbali wa kila jitu ni tatizo linalojitegemea. Hata vipimo vya chombo cha Gaia huyumba kwa nyota hizi, kwa kuwa ni kubwa na uso wake unachemka kwa mapovu makubwa ya myuko (gesi moto inayopanda na iliyopoa inayoshuka) yanayohamisha kitovu cha mwanga wake. Ndani ya galaksi kibete ya mbali, nyota zote zinaweza kuchukuliwa kuwa ziko umbali mmoja kutoka kwetu, hivyo moja ikionekana kung'aa mara mbili ya nyingine katika K, ndivyo ilivyo kweli, baada ya kuzingatia vumbi.

DadaSpektra alijibu:

Nakubaliana na Mwalimu, ila swali la pili la msimamizi ndilo linaloweza kuuangusha mradi huu, kwa hiyo nitabaki hapo.

Nyota huzaliwa ikiwa na oksijeni nyingi kuliko kaboni. Katika hatua hii ya uzee, tabaka la heliamu hulipuka kwa vipindi, na baada ya milipuko hiyo myuko huchota kaboni kutoka ndani na kuileta usoni. Kaboni na oksijeni hushikana kwa nguvu kuunda monoksidi ya kaboni, basi ile iliyo chache huisha yote ndani ya molekuli hiyo na ile inayozidi ndiyo inayoamua kemia ya uso na ya vumbi. Penye metali chache, oksijeni ya kuzaliwa nayo ni kidogo, kwa hiyo michoto michache ya kaboni inatosha kuigeuza nyota. Ndiyo maana uwiano wa nyota za kaboni kwa zile za oksijeni hupanda kadiri metali zinavyopungua.

Lakini uwiano huo haupimi metali peke yake. Nyota ndogo mno hazichoti kaboni ya kutosha, na zile kubwa, zenye masi zaidi ya 4 za Jua hivi, huichoma kaboni hiyo chini ya tabaka la myuko kabla haijaonekana. Nyota za kaboni kwa hiyo hutoka hasa katika masi za kati, maana yake hutoka katika vizazi vya umri fulani. Galaksi mbili zenye metali sawa zinaweza kuwa na uwiano tofauti ikiwa moja ilizaa nyota nyingi miaka bilioni 1 au 2 iliyopita na nyingine haikuzaa. Liandike jambo hili waziwazi katika andiko lako, vinginevyo mtahini atakuuliza.

Sasa mstari wenyewe. Katika Wingu Kubwa la Magellan mpaka wa J−K 1.4 hutumiwa sana. Kwa NGC 6822 watafiti mbalimbali wametumia mipaka tofauti, kuanzia karibu 1.2 hadi karibu 1.4, na tofauti hiyo ina sababu: majitu ya oksijeni huwa na rangi ya buluu zaidi pale metali zinapopungua, kwa hiyo mpaka hauhamishiki kutoka galaksi moja hadi nyingine. Halafu kuna wanaovuka. Nyota ya oksijeni iliyofunikwa na vumbi huingia upande mwekundu. Nyota ya kaboni yenye joto zaidi na isiyo na vumbi hubaki upande wa pili. Na galaksi za mbali sana, ambazo kwenye picha ya darubini ya ardhini huonekana kama nukta, nazo huwa na J−K kubwa. Upande wa oksijeni una wageni wake pia: majitu makuu mekundu, ambayo ni nyota changa zenye masi kubwa, pamoja na nyota hafifu za Njia Nyeupe zilizo mbele ya galaksi, ambazo kwa latitudo ya digrii 18 si chache hata kidogo. Hizo za mbele unaweza kuzipunguza kwa kutumia J−H (H ni kichujio kilicho kati ya J na K), kwa kuwa vibete vyekundu vina J−H ndogo kuliko majitu, na kwa vipimo vya Gaia pale ambapo nyota ina mwendo unaopimika.

Kuhusu hesabu ya mwanga wa kawaida, nadhani mmeiweka mbali mapema mno. Mwaka 2002 watafiti waliotumia darubini ya mita 3.6 ya Kanada, Ufaransa na Hawaii walitambua nyota 904 za kaboni katika galaksi hii, na hawakutegemea rangi ya vichujio vipana pekee. Walitumia vichujio vyembamba viwili, kimoja kwenye mkanda wa sianojeni, molekuli ya nyota za kaboni, na kingine kwenye mkanda wa oksidi ya titani, ya nyota za oksijeni. Kwa nyota isiyo na vumbi, utambuzi huo ni wa kemia moja kwa moja, na kwa maoni yangu ni imara kuliko J−K yoyote. Orodha hiyo ichukue kama kipimo cha mstari wako. Zilinganishe nafasi zake na za katalogi yako ya infraredi, uone ni ngapi kati ya nyota hizo zimeanguka upande wa oksijeni. Hiyo ndiyo hasara ya mstari. Kisha tazama nyota nyekundu kupita kiasi za katalogi yako ambazo hazimo katika orodha hiyo. Kati yao ndimo zilimo nyota zilizofichwa na vumbi. Ukifanya hivyo utakuwa umeyajibu maswali yote mawili ya msimamizi kwa jedwali moja.

Mshale_wa_Kusini alijibu:

Shikamoo Mwalimu, na asante sana Dada. Wazo la kuitumia orodha ya nyota 904 kama kipimo limenisaidia kuliko nilivyotarajia, na nitaliweka kuwa sehemu kuu ya mradi.

Limebaki suala la data. Nimeona kwamba katalogi ya 2MASS iko wazi na inafunika anga lote katika J, H na K. Je, inatosha? Na je, kuna umuhimu wowote wa kuangalia nyota hizi zaidi ya mara moja, au picha moja nzuri inatosha kwa kazi ya ngazi yangu?

Usiku_wa_Karoo alijibu:

Kwa NGC 6822, 2MASS haitoshi. Iliyakusanya mawimbi hayo kati ya 1997 na 2001 kwa darubini mbili za mita 1.3, moja Arizona na nyingine Chile, na vipimo vyake vya kuaminika huishia karibu na magnitudi 14.3 katika K. Ncha ya tawi la majitu mekundu unayoitaja iko kwenye 17.4, kwa hiyo ungepata majitu makuu machache na nyota za mbele, na karibu hakuna jitu hata moja la aina unayoitafuta. Tafuta vipimo vya JHK vilivyofanywa kwa darubini ya UKIRT ya mita 3.8 huko Hawaii, ambavyo vinafunika eneo pana kuizunguka galaksi na vinashuka chini ya ncha hiyo. Kwa mawimbi marefu zaidi kuna picha za Spitzer za mikromita 3.6 hadi 8, na sasa zipo pia za darubini ya James Webb, ambayo imeipiga picha sehemu ya kati ya galaksi hii kwa kamera zake mbili, ya infraredi ya karibu na ya infraredi ya kati. Uwezo wa Webb wa kutenganisha nyota zilizosongamana ni jambo lililobadilisha kazi hii. Nyota ambazo Spitzer, yenye kioo cha sentimita 85, ilizichanganya kuwa doa moja, kioo cha mita 6.5 kinaziachanisha. Lakini eneo lake ni dogo, na katika infraredi ya kati utakutana na nyota changa zilizofunikwa na vumbi la kuzaliwa kwake, hasa kwenye kundi linaloitwa Spitzer I, ambazo rangi zake hufanana mno na za wazee wako.

Kuhusu kuangalia mara nyingi, jibu langu ni kwamba umuhimu upo, hata kama wewe mwenyewe hutapiga picha yoyote. Majitu haya ni nyota badilifu. Zile za aina ya Mira hupanda na kushuka zaidi ya magnitudi 0.4 katika K, kwa vipindi vya siku takriban 100 hadi 1,000. Nyota iliyopimwa mara moja imepimwa mahali fulani pa mzunguko wake ambapo hupajui, na iwapo J ilipigwa miezi kadhaa kabla ya K, rangi ya J−K uliyoipata haikuwahi kuwa rangi ya nyota hiyo siku yoyote. Kabla ya kutumia katalogi yoyote, hakikisha kwamba vichujio vyake vilipigwa usiku mmoja au karibu na hapo.

Afrika ina historia ndefu katika jambo hili, na ningefurahi kuiona katika andiko la mwanafunzi wa kwetu. Ni katika kituo cha uangalizi wa anga cha Afrika Kusini ambako Ian Glass na Tom Lloyd Evans walionyesha, mwaka 1981, kwamba nyota za Mira za Wingu Kubwa la Magellan zina uhusiano kati ya kipindi na mng'ao, uhusiano ambao leo unazifanya Mira kuwa vipimo vya umbali. Baadaye Patricia Whitelock, John Menzies, Michael Feast na wenzao waliitumia darubini ya mita 1.4 iliyoko Sutherland, ambayo kamera yake iitwayo SIRIUS hupiga J, H na K kwa wakati mmoja, kuzifuatilia galaksi kibete moja baada ya nyingine kwa miaka: Fornax, Sculptor, Phoenix, IC 1613, na hiyo NGC 6822 yako, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013 pamoja na vipindi vya nyota badilifu. Uchunguzi huo ulihusu eneo la kati la galaksi tu, lakini kila nyota iliyomo ina wastani wa magnitudi unaotokana na usiku mwingi. Ukilinganisha wastani huo na vipimo vya picha moja utajua hasa ubadilifu unaitawanya rangi kwa kiasi gani, na hutalazimika kukisia.

Ushauri wangu wa mwisho: andika programu yako kwanza kwa Wingu Kubwa la Magellan. Liko umbali wa miakanuru 160,000 tu, ncha ya tawi lake la majitu mekundu iko karibu na magnitudi 12 katika K, kwa hiyo 2MASS inaifikia kwa urahisi, na katalogi ya Spitzer iitwayo SAGE iko wazi pia. Ni galaksi ambayo Mtanzania akiwa mbali na taa za mji huiona kwa macho upande wa kusini katika jioni za Desemba na Januari. Nyota zake nyingi zimeshapimwa spektra, basi utaweza kujua programu yako inakosea wapi kabla ya kuipeleka mahali ambako majibu hayajulikani.

Mwl_Tanga alijibu:

Naunga mkono, kwa sharti moja. Wingu Kubwa la Magellan lina metali takriban nusu ya zile za Jua, kwa hiyo utakachohamisha kwenda NGC 6822 kiwe ni utaratibu wa kazi, wala si mpaka wa rangi. Mpaka uutafute upya kutokana na mchoro wa NGC 6822 wenyewe na nyota 904 alizozitaja Dada. Chagua pia kipande cha Wingu chenye digrii chache tu badala ya Wingu zima, la sivyo utatumia muhula wote ukisafisha katalogi.

Kisha, utakapofika kwenye uwiano, usitoe namba moja. Uhesabu kwa mpaka wa 1.2, wa 1.3 na wa 1.4, uweke matokeo yote matatu katika jedwali, na karibu na kila moja uandike ni nyota ngapi za orodha ya mwanga wa kawaida zilizopotea. Ukiona uwiano umebadilika sana kati ya 1.2 na 1.4, basi kutokuwa na uhakika kwa makisio yako ya metali kunatokana zaidi na mstari uliouchora kuliko na idadi ya nyota ulizonazo, na hilo ndilo utakaloliandika. Mfanye msimamizi wako aione jedwali hilo kabla hujaanza sura ya majadiliano. Na eneo la picha za Webb liweke mwishoni kabisa, kwa nyota zile tu zilizo nyekundu mno na zisizo na mwenza katika mwanga wa kawaida, kwa sababu huko ndiko vipimo vya mikromita 7.7 hadi 21 vinaweza kukuonyesha kama vumbi ni la silikati, ambalo hung'aa au kunyonya karibu na mikromita 10, au ni la kaboni.